Kuchagua Katriji Inayoendana na Mashine Yako ya Santuri: Mwongozo Kamili

Swali ninaloulizwa mara nyingi na watu walioanza kukusanya santuri ni hili: katriji ipi ni nzuri? Swali hilo halijibiki mpaka mwulizaji aseme mashine yake ina mkono wa aina gani, priampu yake ina uwezo gani, na santuri anazozicheza zikoje. Katriji ya bei kubwa iliyofungwa kwenye mkono usioiweza hutoa sauti mbovu kuliko katriji ya kawaida iliyopata mkono wake. Kwa hiyo mwongozo huu hauanzi dukani. Unaanza kwenye mashine uliyo nayo na kwenye rundo la santuri lililo sebuleni kwako, ndipo unafika kwenye ununuzi.

Tuelewane kwanza kuhusu majina. Katriji ni kile kisanduku kidogo kinachokaa mwishoni mwa mkono. Chini yake kuna sindano, yaani kijiti chembamba chenye ncha ya almasi. Ncha hufuata mfereji wa santuri, kijiti hutikisika, na ndani ya kisanduku sumaku na koili hugeuza mtikisiko huo kuwa umeme mdogo sana, ambao priampu ya fono huukuza kabla haujafika kwenye amplifaya na spika. Kibati kinachoshikilia katriji mwishoni mwa mkono nitakiita kichwa cha mkono. Mfano wangu mkuu utakuwa Technics SL-1200MK2, mashine iliyotoka 1979 ikifuata SL-1200 ya kwanza ya 1972, kwa sababu ndiyo ninayoitumia na vipimo vyake navijua kwa moyo.

Hatua ya kwanza: ikague mashine

Inamisha kichwa utazame katriji ilivyoshikiliwa. Ukiona skrubu mbili zinazopita juu ya kichwa cha mkono, zikiwa zimeachana milimita 12.7, yaani nusu inchi, una mfumo wa kawaida na karibu kila katriji utakayoikuta dukani itakufaa kwa kufunga. Ukiona katriji imechomekwa kwa nyuma kama plagi, yenye pini nne na skrubu moja tu ya ubavuni, huo ni mfumo wa T4P uliopendwa miaka ya 1980. Katriji za T4P zilitengenezwa kwa kipimo kimoja: uzito wa gramu 6 na mkandamizo (nguvu ya sindano kuikanyaga santuri) wa gramu 1.25. Hapo hakuna hesabu ya kupiga, unatafuta tu T4P nyingine au sindano yake.

Aina ya tatu ni zile mashine za sanduku zenye spika ndani yake. Nyingi zina katriji ya kauri, ambayo hutoa umeme mwingi bila kuhitaji priampu ya fono, lakini mkono wake hauna uzito wa nyuma wa kurekebisha na sindano hukanyaga santuri kwa nguvu kuliko inavyotakiwa. Kuununulia mkono huo katriji nzuri ni kutwanga maji kinuni. Badilisha sindano ikichakaa, na fedha iliyobaki iweke kwa ajili ya mashine nyingine.

Kagua pia kasi. SL-1200MK2 huzunguka kwa mizunguko 33 na 45 kwa dakika tu. Kama una santuri za shelaki za mizunguko 78, hakikisha mashine yako ina kasi hiyo kabla hujanunua sindano yake.

Hatua ya pili: zikague santuri

Hapa ndipo watu wengi hupaharakisha, na hapa ndipo uamuzi mkubwa ulipo. Mkusanyaji wa Afrika Mashariki kwa kawaida ana mchanganyiko ambao miongozo mingi iliyoandikwa kwa ajili ya wasikilizaji wa Ulaya haiufikirii.

Kwanza kuna santuri ndogo za inchi 7, za mizunguko 45, ambazo zilikuwa ndiyo chakula cha soko la Nairobi katika miaka ya 1960 na 1970. Wimbo mrefu wa dansi ulikatwa vipande viwili, upande wa kwanza ukasimama pale gitaa linapoanza kuchangamka na upande wa pili ukaendelea. Nyingi kati ya hizo ni mono. Nyingi zimepita kwenye baa, kwenye harusi na kwenye mashine zenye sindano nzito, na ukiishika moja kwenye mwanga wa dirishani utaona uso wake umekuwa wa kijivu pale ambapo zamani ulikuwa mweusi wa kung'aa. Kijivu hicho si vumbi. Ni kuta za mfereji zilizokwanguliwa.

Pili kuna santuri kubwa za LP, ambazo kampuni ya Columbia ya Marekani ilizileta sokoni 1948 na ambazo zilianza kuuzwa kwa wingi katika stereo kuanzia 1958. Tatu kuna shelaki. Siti binti Saad alipokwenda Bombay 1928 kurekodi kwa ajili ya kampuni ya HMV, sauti yake ilichorwa kwenye mifereji mipana ya mizunguko 78, na mifereji hiyo inahitaji ncha yenye nusu kipenyo cha mikroni 65 hivi, wakati ncha ya LP ina mikroni 18 hivi. Ncha ya LP ikiwekwa kwenye shelaki huzama mpaka chini ya mfereji na kuanza kusoma uchafu. Kinyume chake ni kibaya zaidi, kwa kuwa ncha ya shelaki kwenye LP haiingii kabisa ndani ya mfereji, bali huparuza juu yake.

Chukua karatasi, gawa santuri zako katika makundi hayo matatu, na uandike idadi ya kila kundi pamoja na hali yake. Mtu mwenye santuri ndogo mia mbili zilizochakaa na LP kumi hahitaji katriji ileile anayoihitaji mtu mwenye LP mia mbili safi.

Hatua ya tatu: umbo la ncha

Ncha ya mviringo ndiyo ya zamani na rahisi kuitengeneza. Hugusa kuta za mfereji kwa eneo dogo la duara, husamehe ikiwa imefungwa bila usahihi mkubwa, na kwenye santuri iliyochakaa mara nyingi haichokozi kelele nyingi. Udhaifu wake huonekana karibu na katikati ya LP. Ukingoni mwa LP mfereji hupita chini ya sindano kwa kasi ya sentimita 51 hivi kwa sekunde, lakini ukifika mfereji wa mwisho, kasi imeshuka hadi 21 hivi, kwa hiyo mawimbi yaleyale ya sauti yamebanwa kwenye nafasi isiyofika nusu. Ncha nene haiwezi kuingia kwenye kona hizo ndogo. Matokeo yake ni sauti inayochubuka: mwimbaji akisema "sasa" au "shida", herufi zile za s na sh hutoka kama mafuta yanayokaangwa.

Santuri ndogo ya 45 ina nafuu kidogo, kwa sababu ingawa mifereji yake huishia karibu zaidi na katikati, huzunguka haraka, na kasi kwenye mfereji wa mwisho huwa bado ni sentimita 25 kwa sekunde. Ndiyo maana ncha ya mviringo haiziaibishi santuri ndogo kama inavyoziaibisha LP.

Ncha ya duaradufu ni nyembamba ubavuni. Kipimo chake cha kawaida ni mikroni 8 kwa 18, na kwa mtu wa kawaida mwenye LP za hali ya wastani ndiyo chaguo la busara. Juu yake kuna ncha zilizochongwa kwa ustadi zaidi, kama Shibata, iliyobuniwa Japani mapema miaka ya 1970 kwa ajili ya santuri za CD-4 zenye sauti nne, na mikrolaini. Hizi hugusa ukuta wa mfereji kwa mstari mrefu wa wima, huweza kufika sehemu ya ukuta ambayo sindano za zamani hazikuigusa, na hudumu. Audio-Technica hukadiria saa 300 kwa duaradufu, saa 500 kwa mviringo, 800 kwa Shibata na 1,000 kwa mikrolaini. Anayesikiliza saa moja kila siku atamaliza duaradufu kabla ya mwaka kuisha, lakini mikrolaini itamfikisha karibu miaka mitatu, kwa hiyo tofauti ya bei inapungua ukiigawa kwa saa.

Je, santuri iliyochakaa ichezwe na ncha gani? Hapa mafundi hubishana. Kwa uzoefu wangu hakuna kanuni. Zipo santuri ambazo mikrolaini huzifufua kwa sababu inapita mahali pasipoguswa, na zipo ambazo huzifanya zipige kelele kama mvua juu ya bati. Ndiyo sababu napendelea katriji ambayo sindano zake zinabadilika, kama nitakavyoeleza.

Hatua ya nne: MM au MC, na priampu uliyo nayo

Katriji ya MM (moving magnet) ina sumaku inayotikisika mbele ya koili zilizotulia. Hutoa milivolti kati ya 3 na 6 hivi, na sindano yake huchomolewa kwa vidole na kubadilishwa. Katriji ya MC (moving coil) imegeuza mpangilio, koili ndizo zinazotikisika, na kwa kuwa lazima ziwe nyepesi, umeme wake ni mdogo. Denon DL-103, iliyoanza 1962 kwa ajili ya watangazaji wa redio wa Japani na bado inatengenezwa, hutoa milivolti 0.3 tu. Sindano yake haichomolewi. Ikiisha, unairudisha kwa fundi au unanunua katriji nyingine.

Piga hesabu rahisi. Priampu ya MM hukuza kwa desibeli 40, maana yake mara 100. Ortofon 2M Red yenye milivolti 5.5 itatoka ikiwa na milivolti 550, kiasi ambacho amplifaya yoyote inakipokea vizuri. DL-103 ikipita hapohapo itatoka na milivolti 30, nawe utafungua kitufe cha sauti mpaka mwisho na kusikia kelele za umeme badala ya muziki. Inahitaji desibeli 60, yaani mara 1,000, na ukinzani wa omu 100 au zaidi, tofauti na omu 47,000 za MM. Zipo pia MC zenye umeme mwingi kidogo, kama Denon DL-110 ya milivolti 1.6, ambazo huingia kwenye tundu la MM, ingawa sauti yake huwa ya chini.

Kama amplifaya yako haina tundu lililoandikwa PHONO na huna priampu ya pembeni, nunua priampu kwanza. Santuri huchorwa besi ikiwa imepunguzwa na sauti nyembamba ikiwa imeongezwa, kwa kanuni ya RIAA iliyokubaliwa 1954, na priampu ndiyo inayorudisha mizani hiyo kwa karibu desibeli 20 kila upande. Mtu aliyechomeka mashine kwenye tundu la AUX husikia muziki wa mbali usio na besi, kisha huilaumu katriji.

Kwa MM kuna jambo moja zaidi ambalo wauzaji hawalitaji: kapasitansi. Waya wa mkono, waya wa kwenda kwenye amplifaya na priampu yenyewe vyote huongeza pikofaradi, na jumla yake hukutana na koili za katriji kutengeneza mwinuko kwenye sauti nyembamba. Audio-Technica AT-VM95E hutaka jumla ya pikofaradi 100 hadi 200. Koili zake zina milihenri 550, na kwa pikofaradi 200 mwinuko unaangukia karibu na Hezi 15,000, mahali ambapo haukeri. Ukifika pikofaradi 400 unashuka hadi Hezi 10,700, na matoazi huanza kukuchoma masikio. Ortofon 2M Red huvumilia zaidi, 150 hadi 300. Kwa hiyo mwenye priampu ya zamani yenye kapasitansi kubwa na waya mrefu ana sababu ya kweli ya kuchagua Ortofon, na mwenye waya mfupi na priampu ya kisasa ana sababu ya kuchagua Audio-Technica. Dawa ya bei nafuu zaidi ni kufupisha waya: nimewahi kubadilisha waya wa mita tatu kwa wa mita moja na ukali ukapungua pale pale.

Hatua ya tano: uzito wa mkono na ulegevu wa sindano

Hii ndiyo hatua inayotenganisha kubahatisha na kuchagua, na katika nchi yenye joto ina uzito wa pekee. Kijiti cha sindano kimeshikwa na mpira mdogo, kwa hiyo ni kama springi. Mkono na katriji ni mzigo uliokaa juu ya springi hiyo. Kila mzigo juu ya springi una mtetemo wake wa asili, na tunataka mtetemo huo uangukie kati ya Hezi 8 na 12. Ukishuka sana, unakutana na mawimbi ya santuri iliyopinda. Ukipanda sana, unaanza kugusa besi ya muziki wenyewe.

Santuri zetu hupinda. Zimeachwa kwenye gari lililoegeshwa juani, zimeegemezwa ukutani kwa miaka, zimebebwa kwenye magunia. Santuri ya LP iliyopinda huuinua mkono mara moja kila mzunguko, lakini mkunjo mfupi unaweza kuwa na kasi ya Hezi kadhaa. Mkono wenye mtetemo wa chini utaanza kurukaruka hapo. Niliwahi kukaa usawa wa macho na sahani nikitazama katriji ikipanda na kushuka juu ya santuri ya 45 iliyopinda kama kapi, huku kijiti kikizama ndani ya katriji na kutoka tena, na ngozi ya spika ikienda mbele na nyuma bila kutoa sauti yoyote. Katriji haikuwa mbovu. Springi yake ilikuwa laini mno kwa mkono wangu.

Kanuni yake haihitaji shahada. Jumlisha uzito tendaji wa mkono (yaani uzito ambao sindano inauhisi mkono unapotikisika), uzito wa katriji na uzito wa skrubu, ambao kwa kawaida ni gramu 1 hivi. Zidisha kwa namba ya ulegevu wa sindano. Tafuta kipeuo cha pili cha jibu, kisha gawa 159 kwa kipeuo hicho. Jibu ni Hezi.

Tuifanye kwa SL-1200MK2, ambayo uzito tendaji wa mkono wake ni gramu 12 ikiwa na kichwa chake cha asili. Ortofon 2M Red ina gramu 7.2 na ulegevu wa 20. Jumla ni 20.2, ukizidisha unapata 404, kipeuo chake ni 20.1, na 159 ikigawanywa inatoa Hezi 7.9. Ipo mpakani kabisa: inafaa kwa santuri zilizonyooka, lakini kwa zilizopinda itakusumbua.

Sasa AT-VM95E, gramu 6.1. Hapa kuna mtego. Karatasi yake inasema ulegevu ni 7, lakini Wajapani hupima kwa Hezi 100 na Wazungu hupima kwa Hezi 10, na namba hizo mbili hazilinganishwi moja kwa moja. Ili kukadiria, zidisha namba ya Kijapani kwa 1.5 hadi 2. Nikichukua 1.7 napata 12. Jumla ya uzito ni 19.1, ukizidisha ni 229, kipeuo ni 15.1, na jibu ni Hezi 10.5, katikati ya mahali panapotakiwa. Denon DL-103, gramu 8.5 na ulegevu wa 5 kwa kipimo cha Kijapani, kwa hesabu hiyohiyo hutoa Hezi 11.8 kwenye mkono huu. Ukiihamishia kwenye mkono mwepesi wa gramu 6 inapanda hadi 13.9, nje ya mpaka, ndiyo maana DL-103 ina sifa ya kupenda mikono mizito.

Kumbuka kwamba kichwa cha mkono kinahesabiwa. Kile cha asili cha Technics kina gramu 7.5. Ukikibadilisha kwa kizuri cha kung'aa chenye gramu 12, umeongeza gramu 4.5 na umeshusha mtetemo bila kukusudia. Kwa DL-103 nyongeza hiyo ni msaada, lakini kwa 2M Red ni hasara.

Hatua ya sita: kuamua

Nikiunganisha yote hayo kwa msomaji ambaye mashine yake ni SL-1200 au inayofanana nayo, na ambaye santuri zake ni mchanganyiko niliouelezea, chaguo langu ni mwili mmoja wa AT-VM95 na sindano mbili au tatu. Sindano zote za mfululizo huo huingia kwenye mwili mmoja: ya mviringo kwa santuri ndogo zilizochakaa, ya duaradufu au mikrolaini kwa LP nzuri, na ile ya shelaki kwa mizunguko 78 ikiwa mashine inaruhusu. Sindano ya shelaki hukandamiza kwa gramu 5, zilizobaki kwa gramu 2, kwa hiyo usisahau kurekebisha uzito wa nyuma unapobadilisha. Mimi nimeandika namba hizo kwenye kipande cha plasta nilichobandika kando ya mashine, baada ya kuicheza LP moja kwa gramu 5 bila kujua.

Mwenye LP safi pekee, mkono wa wastani na waya wenye kapasitansi kubwa achukue 2M Red, na baadaye anaweza kuchomeka sindano ya 2M Blue kwenye mwili uleule. DL-103 nawashauri wale tu ambao tayari wana priampu ya MC na mkono mzito. Ni katriji ninayoipenda kwa sauti za waimbaji, lakini ncha yake ni ya mviringo na sindano yake haibadiliki, na kuianza safari nayo ni kujitafutia gharama.

Tahadhari moja kabla ya kulipa: katriji ya zamani ambayo haijawahi kutumika si mpya. Mpira unaoshikilia kijiti hukauka ndani ya boksi, na joto huuharakisha. Kwa bidhaa ya namna hiyo mwombe muuzaji aicheze mbele yako, ama uiache.

Hatua ya saba: kufunga

Keti mezani penye mwanga, ukiwa umekitoa kichwa cha mkono. Chomoa sindano kama ni MM, uiweke mbali. Kama ni MC, acha kifuniko cha sindano mahali pake na utumie bisibisi isiyovutwa na sumaku. Sumaku za MC zina nguvu: bisibisi yangu ya chuma ilinyakuliwa mkononi siku moja, ikagonga kijiti, na katriji ya miezi miwili ikaishia hapo.

Unganisha nyaya nne ndogo kwa koleo lenye ncha nyembamba: nyeupe ni chanya ya kushoto, bluu hasi ya kushoto, nyekundu chanya ya kulia, kijani hasi ya kulia. Zisukume taratibu. Pini ikikataa, usilazimishe. Panua kidogo mdomo wa kiungio kwa kijiti cha meno. Wakaaji wa pwani wafute pini na vigusio vya kichwa cha mkono kwa spiriti, kwa sababu hewa ya chumvi huvichafua na upande mmoja wa sauti huanza kupotea.

Funga skrubu nusu tu, rudisha sindano, kisha panga umbali. Kwenye Technics, ncha ya sindano inatakiwa iwe milimita 52 kutoka kwenye mpira wa kiungio cha kichwa cha mkono. Tumia rula na uhakikishe katriji haijaenda upande. Mpangilio huo wa Technics huielekeza sindano vizuri zaidi kwenye mifereji ya ndani, jambo linalowafaa wenye santuri ndogo. Wapo wanaopendelea mpangilio wa Baerwald, unaonyoosha sindano kwenye milimita 66 na 120.9 kutoka katikati, na kwa LP ni mzuri. Chagua mmoja, kaza skrubu kwa zamu, kidogo kidogo.

Rudisha kichwa kwenye mkono. Weka kirekebisho cha mvuto wa ndani (kile kinachozuia mkono kuvutwa kuelekea katikati ya santuri) kwenye sifuri, zungusha uzito wa nyuma mpaka mkono uelee sawasawa hewani bila kupanda wala kushuka, geuza pete ya namba iwe sifuri bila kuusogeza uzito wenyewe, kisha zungusha vyote pamoja hadi gramu 2 au kiwango kilichoandikwa na mtengenezaji. Mzani mdogo wa kielektroniki wa sindano haugharimu sana na husema ukweli kuliko pete. Usipunguze mkandamizo ukidhani unailinda santuri, kwa sababu sindano nyepesi mno huruka ndani ya mfereji na kuugonga, na ugongaji huo ndio unaoharibu. Mwisho weka kirekebisho cha mvuto wa ndani kwenye namba sawa na ya mkandamizo.

Tazama mkono kwa ubavuni sindano ikiwa juu ya santuri. Uwe sambamba na santuri. Kwenye SL-1200MK2 kuna pete ya kupandisha na kushusha mkono kwa hadi milimita 6, na mashine zisizo nayo hutumia vipande vyembamba vya kuinua.

Hatua ya nane: kusikiliza

Anza na santuri unayoijua, na ucheze wimbo wa mwisho wa upande, si wa kwanza. Sauti ikichubuka upande mmoja tu, rudia kirekebisho cha mvuto wa ndani. Ikichubuka pande zote, ongeza mkandamizo kwa sehemu ya kumi ya gramu, bila kupita kiwango cha juu cha mtengenezaji, kisha upime umbali tena. Ukisikia mvumo wa umeme usiokoma, waya wa ardhi wa mashine haujafungwa kwenye skrubu yake nyuma ya amplifaya. Sauti ikiwa kama inatoka nyuma ya kichwa chako na besi imenyong'onyea, nyaya za upande mmoja zimebadilishana.

Kwa santuri za mono, bonyeza kitufe cha MONO kwenye amplifaya ikiwa kipo. Kelele nyingi za santuri iliyochakaa zimo kwenye mtikisiko wa juu na chini, ambao mono haiuhitaji, na kitufe hicho huzifuta bila kugusa sauti ya mwimbaji. Santuri ndogo niliyokuwa nimeitenga kuitupa ilirudi kwenye rafu kwa kitufe hicho peke yake.

Sindano mpya itahitaji saa ishirini au thelathini mpira wake ulegee, hivyo usiitolee hukumu siku ya kwanza. Andika tarehe ya kuifunga kwa penseli chini ya kifuniko cha mashine, weka alama kwa kila LP unayoicheza, na alama zikikaribia mia nne na hamsini kwa sindano ya duaradufu, yaani zile saa 300 ukihesabu dakika arobaini kwa kila LP, agiza nyingine.